Fremu ya Baiskeli kwa Milima ya Kingerikiti

Kata ya Kingerikiti imo katika Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Mbinga mwaka 2012, katika nchi ya milima ambayo huporomoka kuelekea Ziwa Nyasa. Maji ya ziwa hilo yako kiasi cha meta 475 juu ya usawa wa bahari. Matuta ya Umatengo yaliyo nyuma yake hupita meta 1,500. Kwa hiyo mtu atokaye katika mashamba ya juu ya kahawa na kuteremka hadi ufukweni hushuka karibu kilometa nzima ya wima, na mchuuzi apandishaye dagaa hana budi kuipanda kilometa hiyo hiyo. Barabara kuu ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay sasa ina lami, na pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya uchukuzi. Hata hivyo njia za udongo zipitazo kati ya migunda ya ngoro hazina lami, na baiskeli bado ina sifa moja ambayo pikipiki nyingi hazina: hainywi petroli.

Siku hizi si lazima mtu anunue baiskeli nzima. Katika mafungu ya mitumba yaletwayo kutoka ng'ambo huja fremu tupu za baiskeli za mlimani, nyingine karibu mpya, nyingine zimeshamaliza ujana wake katika nchi za baridi. Mwenye fedha kidogo na subira nyingi aweza kuchagua fremu, kisha akamwachia fundi aijaze vipande kimoja kimoja. Baiskeli inayozungumzwa hapa ni ile ya mlimani isiyo na springi nyuma, ambayo foki yake ya mbele yaweza kuwa na shokapu au isiwe nayo. Wateja wengi huanza kwa kuuliza idadi ya gia na rangi ya ringi, na fremu huitazama mwisho. Mpango huo umepinduka. Gia, tairi, breki na kiti hubadilishwa kwa siku moja. Fremu ndiyo iamuayo ni magurudumu gani yataingia, ni breki gani zitafungwa, ni mzigo kiasi gani utabebwa, na mpandaji atakuwa wapi siku itakapovunjika.

Pembetatu na mrija wa mpapai

Atazamaye kenchi ya paa la nyumba huona pembetatu tupu. Sababu yake ni kwamba pembetatu haiwezi kubadilika umbo bila ubao mmojawapo kurefuka, kufupika au kuvunjika, lakini mstatili hulala upande kwa kusukumwa kidogo tu. Fremu ya baiskeli ni kenchi itembeayo: bomba la juu, bomba la chini na bomba la kiti hufanya pembetatu kubwa, na mabomba membamba ya nyuma hufanya pembetatu nyingine mbili ndogo, kila upande wa gurudumu moja. Fremu ya kike, ambayo bomba lake la juu limeteremshwa ili mwenye kanga au gauni apande kwa heshima, imeipoteza pembetatu hiyo kubwa, na ndiyo sababu hujipinda zaidi chini ya gunia. Wanawake wa vijijini ndio hubeba mizigo mizito kuliko wote, na ni ajabu kwamba ndio waliotengewa fremu iliyo dhaifu kuliko zote. Mama atakaye kubeba mzigo mlimani achague fremu ambayo bomba la juu huinama nyuma lakini bado hukutana na bomba la kiti mahali pa juu. Fremu nyingi za kisasa za mlimani zina umbo hilo, nazo hupandika bila shida.

Baada ya umbo huja metali. Wapimaji hueleza ugumu wa metali dhidi ya kunyumbuka kwa kipimo cha gigapaskali. Chuma cha pua kina 200 hivi, titani kama 110, na alumini 70. Hapo mtu angedhani chuma kimeshinda, mpaka aviweke katika mizani: kwa ujazo mmoja, chuma kina uzito wa mara 7.8 wa maji, titani 4.5, alumini 2.7. Akigawanya namba za kwanza kwa za pili atapata karibu jibu lile lile, kati ya 24 na 26, kwa zote tatu. Hata mwanzi mkavu ulio bora, wenye gigapaskali zikaribiazo 20 na uzito wa 0.7, haumo mbali na hapo. Kwa uzito ule ule, basi, asili haikupendelea metali yoyote. Kinachotofautisha ni umbo la bomba.

Bua la jani la mpapai ni jembamba kwa ukuta na tupu ndani, lakini hubeba jani pana bila kulegea. Ukilikandamiza bua hilo liwe fimbo nyembamba isiyo na uwazi, kwa uzito ule ule, litainama mara moja. Kanuni yake ni kwamba ugumu wa bomba huongezeka kwa kipenyo kilichozidishwa mara tatu kwa chenyewe, iwapo unene wa ukuta haubadiliki. Bomba la milimeta 32 lina ugumu unaozidi ule wa bomba la milimeta 28.6 kwa asilimia 40, ingawa kwa macho tofauti yao ni ndogo. Watengenezaji wa fremu za alumini wameitumia kanuni hii sana. Kwa kuwa metali yao ni nyepesi, huweza kufanya bomba nene kama mkono wa mtoto na bado fremu ikawa nyepesi kuliko ya chuma. Kwa hiyo unene wa bomba la alumini si dalili ya uzito, wala wembamba wa bomba la chuma si dalili ya udhaifu.

Lakini ugumu si nguvu, na nguvu ya siku moja si uhai wa miaka. Waya ukikunjwa mara moja haukatiki. Hukatika baada ya kukunjwa na kukunjuliwa mara nyingi, na hali hii wahandisi huiita uchovu wa metali. Barabara ya udongo iliyokauka hufanya matuta madogo kama mgongo wa bati. Yakiwa umbali wa nusu meta, safari ya kilometa 40 huipa fremu misukosuko 80,000, na mtu aendaye mnadani mara mbili kwa juma huifikisha milioni nane kwa mwaka mmoja. Chuma cha pua kina tabia njema ya ajabu: mkazo ukiwa chini ya kiwango fulani, ambacho kwa kipande safi kilicholainishwa ni karibu nusu ya mkazo wa kukikata, huweza kuvumilia misukosuko hiyo bila hesabu. Alumini haina kiwango hicho. Kila msukosuko, hata ulio mdogo, huandikwa katika daftari lake, na siku moja deni hudaiwa. Watengenezaji huijua tabia hii na huongeza metali ili siku hiyo iwe mbali, ila mnunuzi wa mtumba hana njia ya kujua ni kurasa ngapi za daftari zimekwisha kujazwa na mwenye mali wa kwanza.

Kwa upande wa uzito, wauzaji husifu fremu nyepesi kana kwamba ni dawa. Hesabu yake ni rahisi. Mpandaji, baiskeli na kifurushi wakiwa jumla ya kilo 90, kupanda kilima cha meta 300 kwa nguvu ya wati 75, ambayo mtu mzima mwenye afya huweza kuitoa kwa muda mrefu, huchukua dakika 59, mbali na msuguano. Fremu ikipungua kilo mbili nzima, safari hupungua dakika moja na sekunde 18. Mwanariadha ataililia dakika hiyo. Mkulima ataitumia kumsalimu jirani.

Juu ya mianzi, yafaa kuongeza neno moja, kwa kuwa fremu za mianzi huundwa Kampala na kwingineko Afrika na watu huziulizia. Hufyonza mtikisiko vizuri sana. Shida yake iko kwenye viungo, ambavyo hufungwa kwa nyuzi na gundi ya kiwandani, na kwenye fukusi na unyevu wa mvua za Novemba hadi Aprili. Nyanda za juu za kusini zina mianzi mingi ya ulanzi, lakini chipukizi lililogemwa halikui likawa bomba la kufaa. Mwenye shamba hana budi kuchagua kati ya kinywaji na fremu, na haielekei kwamba fremu itashinda.

Mteremko

Kijana mwenye kilo 60, baiskeli ya kilo 20 na gunia la kilo 60, akishuka meta 1,000 hadi ziwani, anabeba nishati ya jouli 1,372,000 ambayo haina budi kwenda mahali fulani. Upepo huchukua kidogo kwa kuwa mwendo ni wa polepole. Nyingi hugeuka kuwa joto katika breki. Joto hilo latosha kuchemsha lita nne za maji yaliyotoka kisimani.

Jambo hili ndilo lililozaa baiskeli ya mlimani yenyewe. Katikati ya miaka ya 1970 vijana wa Marin County, California, walikuwa wakiteremka milima yao kwa baiskeli nzito za zamani, hasa za Schwinn zilizotengenezwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Baiskeli hizo zilikuwa na breki ya kurudisha pedeli nyuma, iliyofichwa ndani ya habu. Mwezi Oktoba 1976 walianza mashindano katika njia yenye urefu wa kilometa tatu na kidogo, ishukayo meta 400 hivi. Kila mara walipofika chini, grisi ya habu ilikuwa imeungua ikatoka moshi, na habu ilibidi ifunguliwe na kupakwa grisi upya. Njia ile ikaitwa Repack, yaani paka tena. Mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, aliunda fremu ya kwanza iliyokusudiwa kazi hiyo tangu mwanzo, kwa mabomba ya chuma kilichochanganywa na kromu na molibdeni. Naye hakubuni pembe mpya. Aliziiga zile za Schwinn ya kale.

Mteremko wa Kingerikiti unazidi ule wa Repack mara mbili na zaidi, na wenye kuuteremka hubeba magunia. Fremu ifaayo, basi, lazima iwe na mahali pa kufungia breki za kweli mbele na nyuma. Fremu nyeusi ya kawaida, yenye breki za fimbo, haina mahali hapo. Isitoshe, ringi yake ya chuma iliyopakwa kromu ikilowa mvua huteleza chini ya mpira wa breki kama samaki mkononi. Fremu za mlimani za miaka ya 1980 na 1990 zina vishikizo viwili vya breki vilivyolehemiwa kwenye foki na kwenye mabomba ya nyuma, na breki hizo zikikamata ringi ya alumini hufanya kazi nzuri hata katika maji. Fremu za karibuni zina vishikizo vya breki za diski. Breki ya diski ni bora zaidi, ila kani yake kwenye kishikizo huwa mara nne hadi tano ya ile iliyopo pale tairi igusapo ardhi, kwa sababu diski ni ndogo na gurudumu ni kubwa. Ndiyo maana kulehemu kishikizo cha diski kwenye fremu isiyoundwa kwa ajili yake ni kazi ya hatari. Bomba jembamba la nyuma litapasuka, na litapasuka wakati breki imekamatwa, yaani pale pale ambapo mpandaji anaihitaji.

Pembe ya usukani

Bomba la usukani halisimami wima. Katika fremu nyeusi za zamani huinama kiasi cha nyuzi 67 au 68 kutoka ardhini. Baiskeli za mlimani za miaka ya 1990 zilisimama zaidi, nyuzi 71 hivi. Za leo zimelala tena hadi 66 na hata chini ya hapo, na matangazo huziita uvumbuzi. Babu aliyenunua Raleigh yake kwa fedha za kahawa angecheka.

Asicheke sana, lakini, kwa maana pembe peke yake haisemi yote. Mstari wa bomba la usukani ukirefushwa hufika ardhini mbele kidogo ya pale tairi igusapo. Umbali huo waweza kuitwa mfuato, kwa sababu tairi hufuata nyuma ya mstari kama gurudumu la kitoroli. Mfuato mrefu hutuliza baiskeli mteremkoni. Mfupi huifanya iwe nyepesi kugeuka lakini yenye wasiwasi. Fremu nyeusi ina pembe iliyolala, ila foki yake imepindwa mbele sentimeta 7 au zaidi, na mfuato wake hubaki kama sentimeta 6. Ya mwaka 1990 ilikuwa na kama 7.5. Ya leo, yenye gurudumu kubwa na foki iliyonyooka, hupita 11. Mtu achaguaye fremu ya kuteremkia ziwani apime vyote viwili, pembe na mpindo wa foki.

Hapa kuna mtego kwa wanunuzi wa mitumba. Fremu nyingi za karibuni ziliundwa kwa foki ndefu ya shokapu. Shokapu ikifa, nayo hufa mapema katika vumbi, fundi hutia foki fupi ngumu mahali pake. Kila upungufu wa sentimeta mbili husimamisha pembe kwa nyuzi moja hivi, na hushusha pedeli karibu na mawe. Foki ngumu itiwayo iwe na urefu ule ule wa shokapu iliyotolewa, au fremu iwe ya zamani, iliyoundwa kwa foki fupi tangu mwanzo.

Mzigo na mkia

Mwaka 2005 Tom Ritchey, mmoja wa waundaji wa kwanza wa fremu za mlimani huko California, alizuru Rwanda. Aliwaona wakulima wakishusha mizigo kwa baiskeli za mbao, jamaa za chukudu za Goma. Baada ya hapo alisanifu baiskeli ya kubebea kahawa mbichi hadi kiwandani kabla haijaharibika. Ilikuwa na gia na breki za mlimani, lakini sehemu yake ya nyuma ilirefushwa sana ili magunia yakae mbele ya ekseli ya nyuma, si nyuma yake.

Sababu ya urefu huo yaonekana kwa hesabu ndogo. Mabomba ya chini ya nyuma katika baiskeli ya mlimani ya mchezo ni sentimeta 42 hadi 44. Keria ikifungwa hapo, gunia la kilo 50 hukaa kiasi cha sentimeta 15 nyuma ya ekseli, na hunyanyua karibu kilo 7 kutoka gurudumu la mbele. Kilimani, ambako mwinuko wenyewe umekwisha kulipunguzia gurudumu hilo uzito, usukani huelea na baiskeli husimama kama farasi. Fremu yenye nyuma ndefu ni mvivu katika kona za mchezo, na hilo si hasara kwa mtu ambaye mchezo wake ni kufikisha gunia. Baiskeli iitwayo Buffalo, isambazwayo na World Bicycle Relief katika Kenya, Malawi, Zambia na Zimbabwe, ina keria ya kubeba kilo 100 iliyohesabiwa pamoja na fremu. Ni mfano mzuri wa kuiga kwa nguvu. Ila umbo lake la kwanza, lenye mwendo mmoja na breki ya kurudisha pedeli nyuma, lafaa zaidi nchi tambarare. Aliyesoma habari za Repack anajua kwa nini.

Kuna pia vipuri. Ringi za fremu nyeusi zina kipenyo cha milimeta 635 pale tairi ikaapo, na tairi zake hupatikana katika maduka mengi ya vijijini. Ringi ya mlimani ya kizamani, iitwayo inchi 26, ina 559, na tairi zake nazo si adimu. Ringi mpya iitwayo 29 ina 622. Tofauti ya 13 kati yake na ile nyeusi ni ndogo kwa macho, lakini tairi ya moja haikai kwenye nyingine hata kwa nyundo. Habu ya nyuma nayo ina upana wake: 135 kwa fremu za mlimani za zamani, kisha zikaja 142 na 148. Fremu ya chuma fundi aweza kuipanua milimeta chache ikiwa baridi. Ya alumini asiiguse. Nyumba ya ekseli ya pedeli iwe imekatwa hesi, kwa maana zile za kisasa ambazo bearing husukumwa tu hudai kipuri kisichofika Mbinga kwa urahisi.

Kwa hayo yote, kati ya fremu nyeusi, fremu mpya ya alumini na fremu ya chuma ya mlimani ya miaka ya 1990, hii ya mwisho ndiyo ipewe nafasi ya kwanza Kingerikiti, ijapokuwa rangi yake imechubuka. Ikipasuka, fundi mwenye gesi aweza kuilehemu kwa shaba. Asitumie mashine ya umeme ya kuchomelea mageti, kwani bomba lisilofika milimeta moja huungua kabla halijashika. Alumini iliyolehemiwa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake kando ya kiungo mpaka ipikwe tena katika tanuri maalumu ya kiwandani, na tanuri hiyo haipo njiani.

Kabla fedha haijatoka mfukoni, mnunuzi afanye vipimo viwili. Kwanza achukue uzi, aufunge kwenye mdomo wa ekseli upande mmoja wa nyuma, auzungushe bomba la usukani na kuurudisha upande wa pili, ukiwa umevutwa sawasawa. Umbali kati ya uzi na bomba la kiti uwe sawa kulia na kushoto. Ukitofautiana zaidi ya milimeta tatu, fremu imepata ajali au haikuundwa vyema.

Kipimo cha pili ni cha nyufa. Asafishe nyuma ya bomba la usukani, chini ya bomba la chini, kuzunguka nyumba ya ekseli ya pedeli, na mahali mabomba ya nyuma yakutanapo na kiti. Apake mafuta ya taa, angoje dakika chache, afute yakauke kabisa, kisha apake vumbi la chaki nyeupe. Mafuta yaliyoingia katika ufa hurudi nje polepole na kuchora mstari mweusi juu ya chaki, hata kama ufa wenyewe hauonekani kwa macho. Mstari ukitokea nyuma ya bomba la usukani, fremu hiyo irudishwe kwa mwuzaji, kwa bei yoyote ile. Ukitokea kwenye bomba jembamba la nyuma la fremu ya chuma, bei ipunguzwe, nayo ipelekwe kwa fundi wa gesi kabla ya kufungwa kipande chochote. Baada ya baiskeli kumalizika, kipimo cha chaki kirudiwe kila mavuno yanapokaribia, magunia yangali tupu.